Kava la Siti ya Baiskeli Lililochanika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wanaoitegemea baiskeli kila siku Mwanza na kando ya ziwa: muuza maziwa anayetoka Kisesa alfajiri, mchuuzi anayepakia dagaa kwenye mwalo wa Kirumba, mwanafunzi wa Igoma, na fundi anayeletewa siti ambayo mwenyewe amekwisha kuijaribu kwa gundi isiyofaa. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kumpeleka msomaji kwenye jingine bila kurudia maelezo.

## Mambo ya msingi

1. Kava limechanika kidogo tu. Je, kuna haja ya kulishughulikia?

Haja ipo, na wala si kwa sababu ya sura. Siti ya kawaida ina tabaka tatu: kitako kigumu cha plastiki au bati, sponji juu yake, na kava linalofunika sponji hiyo. Kava ndilo linalozuia maji. Upenyo wenye urefu wa ukucha unatosha kuingiza maji ya mvua, sponji huyafyonza, na kila unapokaa uzito wako huyakamua yakarudi kwenye nguo. Ndiyo maana mtu hushangaa kuona suruali imelowa siku ya jua kali. Mvua ilinyesha juzi, lakini sponji bado inayo.

Maji yakishuka zaidi hufika kwenye springi na kwenye vyuma vya chini, na kutu huanza mahali ambapo jicho halifiki. Isitoshe, mpasuko haukai ulivyo. Kava limevutwa likakaza, na mapaja hulisugua kila unapopiga pedali, kwa hiyo ncha mbili za mpasuko huendelea kutembea. Kazi ya kiraka kimoja leo huwa kazi ya kava zima baada ya msimu mmoja wa mvua.

2. Kwa nini makava huchakaa haraka huku kwetu?

Sababu ya kwanza ni jua. Siti nyingi zinazouzwa madukani zimefunikwa kwa leza, yaani ngozi bandia ya plastiki, ambayo hubaki laini kwa sababu ya viungo vya kulainisha vilivyochanganywa ndani yake kiwandani. Joto na mwanga wa jua huviondoa viungo hivyo polepole, plastiki inakauka, kisha inapasuka mahali inapojikunja. Mwanza ipo karibu na ikweta, na ziwa lenyewe lipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo jua hapa ni kali hata pale upepo wa ziwa unapomfanya mtu aone hali ni ya baridi.

Sababu nyingine husomeka kwenye mpasuko wenyewe, na ni vizuri kuusoma kabla ya kushika gundi. Nyufa nyingi ndogo juu ya siti zimeletwa na jua. Mstari mmoja ulionyooka ubavuni ni mshono uliokatika uzi. Mkwaruzo kwenye kona za nyuma umetokana na kuegemeza baiskeli ukutani au kwenye mawe, na mawe hapa Mwanza hayakosekani. Tundu kwenye pua ya siti ni la kuanguka. Tundu lenye kingo zilizotafunwa ni la panya, hasa kwa baiskeli inayobeba samaki na kulala ndani. Kila aina ina tiba yake, na anayetibu mshono uliokatika kwa gundi peke yake atairudia kazi hiyo.

3. Nitajuaje kava langu limetengenezwa kwa kitu gani?

Geuza siti na utazame pindo la kava kwa chini. Leza huonyesha tabaka mbili: plastiki yenye rangi upande wa juu, na kitambaa chembamba upande wa ndani. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi za manyoya manyoya kwenye kingo zake, na tone la maji likiachwa juu yake kwa dakika chache huacha doa jeusi. Kava la mpira mtupu, linaloonekana kwenye baadhi ya siti za kale, ni zito na halina kitambaa chochote. Zipo pia siti zilizofunikwa kwa kitambaa kinachovutika. Majibu mengi hapa yanahusu leza, kwa kuwa ndiyo iliyo nyingi. Ngozi halisi imepewa sehemu yake kuanzia swali la 16.

4. Je, ni lazima nifungue siti kutoka kwenye baiskeli?

Kwa mpasuko mdogo ulio juu, hapana. Kwa kushona au kubadilisha kava, ndiyo, maana utahitaji kuigeuza na kuivuta pande zote. Siti nyingi za baiskeli za mizigo hushikwa na kibano chenye nati mbili, moja kila upande, na spana namba 13 au 14 ndiyo huitosha. Baiskeli za kisasa zina bolti inayofunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita, mara nyingi wa milimita 5 au 6. Kabla ya kulegeza chochote, weka alama ya chaki au ya kalamu mahali kibano kilipokaa kwenye vyuma vya siti, na nyingine kwenye bomba la siti pale linapoingia kwenye fremu. Alama hizo zitakuokoa na usumbufu unaoelezwa katika swali la 22. Nati ikigoma kwa kutu, itie mafuta uiache usiku kucha; ukilazimisha utavunja bolti, na kazi ya kava itageuka kazi ya chuma.

## Mpasuko mdogo

5. Ninawezaje kuziba mpasuko mfupi usionekane na usirudi?

Siri ni kuweka kiraka kwa ndani, chini ya kava, badala ya kukibandika juu. Kiraka cha juu kina kingo zinazosuguliwa na nguo kila dakika, na mwisho wake ni kubanduka. Kiraka cha ndani kinakandamizwa na uzito wa mwendeshaji mwenyewe, kwa hiyo kila anapokaa anakigandamiza zaidi.

Safisha kwanza eneo lote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likauke kabisa, kisha futa kingo kwa kitambaa chenye spiriti kidogo ili kuondoa jasho na mafuta ya mwili. Kata kipande cha kitambaa kigumu kisichovutika, kwa mfano jinzi au turubai jepesi, kiuzidi mpasuko kwa sentimita moja au moja na nusu kila upande, na uzungushe kona zake kwa mkasi, kwa sababu kona kali hujikunja na kuonekana kama uvimbe. Kama mpasuko umeanza kurefuka, toboa kitundu kidogo cha mviringo kwenye kila ncha. Mvutano ukifika kwenye duara husambaa, na mpasuko hukoma hapo.

Kazi ya kuingiza kiraka ndiyo inayotaka subira. Kikunje katikati, kisukume ndani kwa bisibisi bapa isiyo na makali au mpini wa kijiko, kisha ukikunjue chini ya kava hadi kilale sawa pande zote. Inua mdomo mmoja wa mpasuko, paka gundi kiasi kidogo kwenye sehemu ya ndani ya kava na kwenye kiraka, fanya vivyo hivyo upande wa pili, subiri gundi ishike kama inavyoelezwa katika swali la 6, halafu kutanisha midomo miwili bila kuipandisha mmoja juu ya mwingine. Bonyeza kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda pembeni. Funga kwa utepe au kipande cha mpira wa tyubu, kisha uiache siti kwa saa 24 kabla ya kuikalia. Wengi huharibu kazi nzuri hapa kwa kuwa baiskeli inahitajika asubuhi. Basi kazi hii ifanywe jioni ya siku inayofuatwa na mapumziko.

Jihadhari gundi isimwagike kwenye sponji. Ikiingia hukauka ikawa jiwe dogo, na mwendeshaji atalikalia kwa miaka.

6. Gundi ipi inafaa?

Gundi ya viatu, ile ya rangi ya asali inayotumiwa na mafundi viatu, ndiyo inayofaa kwa kazi nyingi, kwa sababu hubaki laini na hufuata mwendo wa siti. Hupakwa kwenye pande zote mbili, huachwa wazi kwa dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo pande hizo hukutanishwa kwa kukandamizwa kwa nguvu. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hewa yenye unyevu huichelewesha; ipe muda zaidi. Ifanyie kazi nje au dirishani, mbali na jiko la mkaa na mbali na watoto, kwa maana mvuke wake hushika moto na kuuvuta ni hatari.

Gundi ya papo kwa papo, inayouzwa kwenye vichupa vidogo, haifai. Hushika vizuri siku ya kwanza, kisha hukauka ikawa ngumu kama kioo, na ukingo wake mgumu hukata leza pembeni ya mpasuko wa awali. Gundi ya mabomba ya maji nayo huyeyusha plastiki na kuiacha ngumu. Silikoni ya madirisha hubaki laini, ila inaacha utando ambao hakuna gundi nyingine itakayoshika juu yake, hivyo ikifeli umefunga mlango wa kutengeneza upya.

7. Je, kiraka na solusheni ya pancha vinaweza kutumika kwenye siti?

Kwa kava la mpira, vinaweza, na hufanya kazi kama kwenye tyubu: kwaruza kwa msasa, paka solusheni, subiri, bandika. Kwa leza havidumu. Solusheni ya pancha imetengenezwa kushikana na mpira, na leza si mpira. Kiraka kitakaa siku chache, kisha joto la mchana litakibandua kuanzia ukingoni.

8. Na utepe mweusi wa umeme?

Utepe ni wa kufika nyumbani. Jua huyeyusha gundi yake, gundi hiyo hupaka suruali, na mabaki yake yanapaswa kuondolewa yote kwa spiriti kabla gundi ya kweli haijapakwa. Kama huna budi kuutumia, uzungushe siti nzima, kuanzia juu hadi chini ya kitako, ili ujishike wenyewe.

## Mshono uliofumuka

9. Nitumie uzi gani? Huku ziwani tuna uzi wa nyavu na mshipi kwa wingi.

Uzi wa nyavu uliosokotwa unafaa, ukichagua mwembamba. Ni nailoni, una nguvu, na hauozi kwa maji. Udhaifu wake ni kwamba nailoni hudhoofishwa na jua kuliko poliesta, kwa hiyo ukipata uzi wa poliesta wa kushonea viatu au mikoba, huo ndio wa kwanza kuchagua kwa mshono ulio juu ya siti, na uzi wa nyavu ubaki kwa sehemu ya chini isiyopigwa na jua. Uzi wa pamba, ule wa cherehani ya nguo, huoza kwa jasho na mvua.

Mshipi wa kuvulia usitumike. Ni unyuzi mmoja, mgumu na unaoteleza. Fundo lake hufunguka polepole, na ukikazwa hukata leza kama waya unavyokata sabuni.

10. Nishoneje bila kuzidisha uharibifu?

Fuata matundu ya zamani. Leza ambayo tayari ina mstari wa matundu ikiongezwa mstari mwingine karibu nao hugeuka karatasi ya kuchanwa, na itachanika hapo hapo kwa urefu wote. Ondoa mabaki ya uzi wa zamani kwa kiwembe na plaizi, kisha anza kushona matundu matatu au manne kabla ya sehemu iliyofumuka, na umalize matundu matatu au manne baada yake, ili uzi mpya ushikwe na mshono ulio mzima.

Kwa kuwa upande wa ndani umezibwa na sponji, sindano iliyopinda ndiyo itakayorahisisha kazi; sindano ya kawaida inaweza kupindwa kwa kupashwa moto ikiwa imeshikwa kwa plaizi. Chukua tundu la upande mmoja, vuka moja kwa moja hadi tundu linalotazamana nalo upande wa pili, ingia, tokea tundu linalofuata la upande huo huo, kisha rudi ng'ambo. Uzi utaonekana kama ngazi mpaka utakapouvuta, na ukiuvuta taratibu midomo miwili itakutana na uzi utazama. Vuta kila baada ya hatua tatu au nne, kwa nguvu ya kutosha kufunga bila kukunja leza. Uzi ukipakwa nta ya mshumaa hupita kwa wepesi na huzuia maji kufuata njia yake. Fundo la mwisho lifichwe chini ya mshono. Fundo lililobaki juu litamchubua mwendeshaji kabla hajafika Usagara.

Mshono ukishafungwa, paka mstari mwembamba wa gundi ya viatu juu yake na uufute kwa kitambaa papo hapo, ili matundu yazibike.

## Kufunika siti upya

11. Nitajuaje kwamba viraka havitoshi tena?

Bonyeza kava kwa kidole mbali na mpasuko. Likitoa nyufa mpya au likimeguka kama gamba la samaki aliyekaushwa, plastiki imekwisha na hakuna gundi itakayoshika kitu kilichokufa. Badilisha kava zima. Vivyo hivyo kama mipasuko ipo sehemu tatu au zaidi, au mmoja wao unavuka kutoka pua hadi nyuma. Lakini kama kitako ni kizima na sponji bado inarudi baada ya kubonyezwa, usikubali kuitupa siti. Sehemu ya gharama ndiyo hiyo iliyobaki nzima.

12. Nipate wapi malighafi?

Leza mpya hukatwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya makochi na ya siti za magari, na siti moja ya baiskeli huhitaji kipande kidogo sana, ambacho fundi makochi huwa nacho kwenye mabaki yake. Chagua inayovutika pande zote mbili ukiishika kwa mikono. Isiyovutika itafanya mikunjo kwenye pua.

Njia nyingine, na kwa maoni ya mwandishi ndiyo bora kwa mwenye kipato kidogo, ni mitumba. Koti la ngozi lililochakaa mikono au mkoba mpana uliokatika kamba, kutoka soko la Mlango Mmoja, unaweza kutoa kipande laini, kizuri na imara. Kagua nyuma ya kipande hicho kabla ya kulipa: ngozi bandia inayobanduka utando wake itaendelea kubanduka hata ukiihamishia kwenye baiskeli.

13. Kava jipya huvutwaje hadi likakaa bila mikunjo?

Ng'oa pini za kava la zamani kwa bisibisi bapa na plaizi, ulitoe bila kulichana zaidi, kisha ulitumie kama kipimo. Lilaze juu ya malighafi mpya, chora mzunguko wake, na uongeze sentimita mbili hadi tatu kila upande kwa ajili ya kushikia. Acha malighafi juani kwa nusu saa. Leza yenye joto huvutika na kulala, leza baridi hushindana nawe.

Mpangilio wa kuvuta ndio unaoamua matokeo. Shika pua kwanza kwa pini mbili, vuta kuelekea nyuma kwa nguvu zote, shika nyuma katikati. Ndipo uende ubavuni, pini moja kushoto, moja kulia, ukianzia sehemu nyembamba ya katikati na kusogea kidogo kidogo mbele na nyuma, ukibadilisha upande kila mara. Anayemaliza upande mmoja wote kabla ya kwenda wa pili hujikuta na mkunjo mkubwa asioweza kuupeleka popote. Kona za nyuma na ncha ya pua huachwa mwisho. Hapo kata vipande vidogo vya pembetatu kwenye pindo la chini, ili ziada isirundikane, lakini mkato usifike ukingo wa kitako.

Kwa kitako cha plastiki, pini fupi za stepla ya makochi, za milimita 6, zinatosha. Ndefu zaidi hutokeza juu na kumdunga mkaaji. Pitisha kiganja juu ya siti nzima kabla ya kuirudisha kwenye baiskeli.

14. Kitako changu ni cha bati. Pini haziingii. Nifanyeje?

Siti nyingi za baiskeli za mizigo, kama zile za Phoenix, huwa za namna hii, zikiwa na springi nene kwa nyuma. Kava lake hufungwa kwa kamba. Kunja pindo la kava kuzunguka pande zote, lishone liwe njia, pitisha kamba ya nailoni ndani yake, livalishe na ukaze kwa chini. Kisha pitisha kamba ya pili kutoka ubavu hadi ubavu, kwa kuvuka kama kamba za kiatu, ili kava lisitembee. Palipo na ukingo mkali wa bati, weka kwanza kipande cha tyubu kilichopasuliwa kwa urefu, vinginevyo bati litakata kamba na kava kwa pamoja.

15. Je, kava la juu la kuvalisha halitoshi?

Linasaidia siti iliyo nzima idumu, ila likivalishwa juu ya mpasuko huficha tatizo na maji hubaki katikati ya makava mawili. Ziba mpasuko kwanza, kisha uvalishe. Hali ni hiyo hiyo kwa wale wanaozungusha vipande vya tyubu kuukuu: njia hiyo ni rahisi na huzuia maji vizuri, lakini mpira hushika nguo badala ya kuiacha iteleze, hivyo mapaja huchubuka kwenye safari ndefu, na mchana huwaka joto. Funika mpira huo kwa kitambaa.

## Siti za ngozi halisi

16. Nina baiskeli ya mzee wangu yenye siti ya ngozi isiyo na sponji. Imechanika kwenye ribiti. Inatengenezeka?

Mara nyingi inatengenezeka, na inastahili. Siti za namna hii, zilizoenezwa na watengenezaji kama Brooks wa Birmingham, Uingereza, kampuni iliyoanza mwaka 1866, hazina kitako wala sponji: ngozi nene imetandazwa kati ya chuma cha mbele na cha nyuma, na ndiyo inayobeba uzito wote. Kwa hiyo mpasuko wake ni suala la nguvu, na kiraka cha gundi hakitaushinda.

Ngozi ikikatika kwenye ribiti moja, ribiti hutolewa, kipande cha ngozi nene huwekwa chini kama kitanda, na ribiti mpya ya shaba yenye kichwa kipana hugongwa. Ikipasuka katikati, kuvuka upana wote, mwisho wake umefika. Ikiwa imelegea tu na kubonyea, nyingi zina bolti ya kukazia chini ya pua, ambayo huzungushwa kidogo sana, robo ya mzunguko kwa wakati mmoja. Zilizoishiwa bolti hutobolewa matundu manne au matano kwenye kila shavu la chini, kisha mashavu hayo huvutwa kwa kamba yakakaribiana chini ya siti.

17. Niipake mafuta gani?

Nta ya ngozi au dawa ya viatu isiyo na rangi, kidogo, hasa upande wa chini usiofunikwa na chochote. Mafuta ya kupikia na samli huilainisha kupita kiasi hadi ibonyee, na harufu yake huita panya. Ikilowa kwa mvua, iache ikauke kivulini bila kuikalia, kwa sababu ngozi iliyolowa huchukua umbo la kilicho juu yake na kubaki nalo.

## Maji na sponji

18. Sponji imelowa. Naweza kuziba mpasuko na kuendelea?

Hapana, kwani utayafungia maji ndani. Kandamiza siti kwa taulo kavu mara kadhaa mpaka taulo isilowe, kisha igeuze mpasuko ukiwa chini na uitundike kivulini penye upepo. Wakati wa kiangazi siku mbili zinaweza kutosha; wakati wa vuli na masika itachukua muda mrefu zaidi. Usiiweke juu ya jiko la mkaa. Sponji hushika moto upesi na moshi wake ni sumu. Baiskeli inayobeba samaki ina mahitaji ya ziada: suuza sponji kwa maji safi yenye sabuni kabla ya kuikausha, la sivyo harufu itafungiwa humo pamoja nawe.

19. Zamani tulikuwa tunafunika siti kwa mfuko wa rambo. Sasa tutumie nini?

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Kipande cha turubai chenye kamba pindoni hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na hudumu. Kitoe mvua inapokatika ili siti ipumue.

## Mafundi na hali za pekee

20. Nimpelekee fundi gani?

Kwa mshono na mpasuko, fundi viatu. Ana gundi, uzi na sindano tayari, na mkono wake umezoea. Kwa kava zima, fundi anayefunika siti za pikipiki, ambao wamekuwa wengi tangu bodaboda zienee. Fundi baiskeli ni wa chuma na springi. Mpelekee siti peke yake, ikiwa safi na kavu, na mkubaliane bei na aina ya uzi kabla ya kazi. Ni haki kumwambia, "Fundi, naomba kiraka kiwe kwa ndani," na fundi mzuri hatachukia.

21. Kitako chenyewe kimepasuka, au springi imekatika. Je, kava jipya litasaidia?

Halitasaidia, na ni hatari. Kitako kilichopasuka hujikunja chini ya uzito na kinaweza kumbana mtu vibaya au kumwangusha, hasa mwenye abiria kwenye keria. Springi iliyokatika ibadilishwe. Iliyoungwa kwa kuchomelewa hukatika tena karibu na kiungo, kwa kuwa moto umeiondolea ugumu wake. Tengeneza chini kwanza, kava baadaye.

22. Baada ya matengenezo siti inainama mbele, au nyonga zinauma. Kosa liko wapi?

Huenda kava halina kosa. Rudisha siti kwenye alama za swali la 4. Kama hukuziweka, anza na siti iliyolala sawa na ardhi, kisha irekebishe kidogo kidogo. Kaza nati mbili za kibano kwa zamu, kidogo kushoto, kidogo kulia. Inayokazwa upande mmoja tu hulegea njiani. Bomba la siti lisivutwe juu kupita mstari wa mwisho uliochorwa juu yake.

Maumivu yakiwa sehemu moja tu, pitisha kidole hapo: utakuta fundo, ukingo wa kiraka au tone la gundi lililokauka. Fundo lizamishwe kwa sindano, ukingo upunguzwe kwa kiwembe, tone lisuguliwe kwa msasa laini.

23. Baiskeli ni ya mtoto, naye hunyofoa sponji kupitia tundu. Nifanye nini kwa haraka?

Iondoe siti leo hii, maana mtoto mdogo anaweza kumeza au kupaliwa na vipande vya sponji. Siti ya mtoto ni ndogo, na kipande cha mguu wa suruali kuukuu ya jinzi, kilichoshonwa upande mmoja na kutiwa kamba kama katika swali la 14, huifunika yote. Usitumie pini za stepla kwenye siti ya mtoto.

24. Mto wa keria wa abiria hutengenezwa kwa njia hizi hizi?

Ndiyo, na ni rahisi zaidi kwa kuwa ni bapa. Tofauti ni mahali pa mshono: uweke chini au nyuma, usiuweke ubavuni, kwa sababu abiria anayekaa upande hushuka kwa kuteleza juu ya ukingo huo huo kila safari. Acha tundu dogo chini ya mto ili hewa itoke anapokaa; mto uliozibwa kote hupasuka mshono kwa shinikizo la hewa yake wenyewe.